Jiko la Kupikia Wima

Kama nawe umeambiwa na daktari kwamba goti lako halitakunjika tena, na umerudi kitandani ukageukia ukutani ili watu wasikuone, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sitakueleza ugonjwa wenyewe, maana hata leo siujui vizuri. Nilielezwa mara moja tu, na daktari Mzungu aliyekuwa akisema huku anaandika, na dresa, msaidizi wake, akanitafsiria maneno manne kati ya arobaini. Nitakueleza yale ambayo mimi sikupata wa kunieleza: jinsi ya kukaa kwenye benchi, jinsi plasta inavyowasha, jinsi nyumba yako inavyoendelea bila wewe. Na nitakueleza jinsi nilivyolipanga jiko langu upya nikiwa nimelala chali.

Goti la kulia lilianza kuvimba mwisho wa vuli. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na mtoto mmoja, Saumu, wa miaka minane. Mume wangu Athumani alikuwa fundi katika karakana ya reli, nasi tulikaa Chumbageni, nyumba ya udongo yenye jiko la makuti uani. Tulisema ni baridi tu. Nikachuliwa kwa mafuta ya nazi, nikafungwa majani ya mnyonyo, nikapigwa chuku. Kaskazi nzima ikapita hivyo. Nilipofika hali ya kukuna nazi mguu mmoja umetangulia mbele kama mpini wa jembe, Athumani alisimama mlangoni pa jiko akanitazama, akasema, "Mke wangu, twende hospitali."

Benchi la wagonjwa wa nje nalijua kuliko kitanda changu cha harusi. Ukifika alfajiri unakaa mwishoni, na kila anayeitwa, nyote mnasogea, mpaka makalio yenu yameng'arisha mbao. Ukienda chooni umepoteza zamu, kwa hiyo usinywe chai. Chukua kanga ya pili ya kukalia, na usimsikilize anayekusimulia aliyekufa kwa ugonjwa kama wako, maana hakosekani. Nilikwenda mara nne nikarudishwa na vidonge. Mara ya tano wakasema nibaki. Nilikuwa nimemwachia jirani maharage motoni, na Saumu alikuwa chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani. Sikumuaga mtoto wangu.

Plasta ya kwanza walinifunga masika ilipoanza, kutoka nyongani hadi vidoleni. Siku ya kwanza ni nzito na baridi, kama umezikwa nusu. Siku ya kumi inaanza kuwasha, na hapo ndipo utajua maana ya subira. Mimi nilikuwa na njiti ya ufagio wa chelewa niliyoificha chini ya mto, nikiingiza kwa juu na kujikuna, na sista akiiona huitupa, nami hupata nyingine kwa mfagiaji. Kila asubuhi sindano, leo upande huu, kesho upande ule, hata nikawa sijui nilalie wapi.

Ramadhani ya mwaka ule ilinikuta humo. Wagonjwa hatufungi, lakini jioni adhana ilikuja mpaka wodini, nami nikawa nimelala na kikombe cha uji kifuani, nikijua kwamba saa hiyo hiyo watu wangu wamekaa mkekani. Nililia sana mwezi ule. Wala sikulilia goti.

Aliyekaa mahali pangu pale mkekani alikuwa wifi yangu Zaina, dada mkubwa wa Athumani. Alikuwa ameachika miaka mitatu, akikaa kwa ndugu huko Pongwe, na alikuja kwetu na mkoba mmoja akisema ni kwa wiki mbili. Sina neno baya la haki juu yake. Alimwogesha mtoto, alimfulia ndugu yake, na kila Ijumaa aliniletea chakula hospitali kwenye kibakuli kilichofungwa kitambaa safi. Ndilo lililoniuma. Laiti angekuwa mvivu, ningekuwa na la kusema.

Siku ya Idi Saumu aliletwa na gauni jipya. Alisimama mbali na kitanda, akanipa shikamoo kama anayempa mke wa mwalimu.

"Njoo hapa mama," nikamwambia. "Mwala nini nyumbani?"

"Twala vizuri. Shangazi apika mchuzi wa papa mtamu. Na mtungi tumeuhamisha, sasa uko nyuma ya mlango."

Mtungi wangu umehamishwa. Wewe uliye mzima utacheka. Mimi nililala macho wazi kwa ajili ya mtungi ule, nikihesabu vitu vingine vilivyohamishwa ambavyo mtoto hakunitajia.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Mama Filipo, Mshambaa wa Kiluteri, ambaye mumewe alikata katani kwenye shamba moja upande wa Muheza. Alikuwa amevunjika nyonga, na watu wake walimfikia mara moja kwa mwezi. Upepo wa kusi ulipotulia, sisi tuliofungwa plasta ya pili wakaanza kututoa varandani tuote jua la asubuhi, vitanda viwili sambamba, na mbele yetu kulikuwa na madirisha ya jiko la hospitali. Tulitazama jiko lile kama watu wanavyotazama ngoma.

Wapishi walikuwa wanaume watatu. Meko yao yalijengwa kwa matofali mpaka kiunoni, masufuria yamekaa kwenye matundu, moshi unapanda kwa dohani ukutani. Walikata vitunguu wamesimama, walikoroga wamesimama, walipiga soga wamesimama. Nilihesabu asubuhi nzima, na hakuna aliyechutama hata mara moja.

"Mama Filipo," nikasema, "wale wanapika bila magoti."

Alicheka mpaka akashika nyonga. Kisha akanitazama vizuri. "Mwanangu, basi nawe pika bila magoti."

Toka siku ile nikawa na kazi. Dresa alinipa kipande cha penseli, na karatasi niliipata kwenye mfuko wa kaki wa machungwa ambayo mume wa Mama Filipo alimletea. Nilichora jiko langu lile dogo la uani, nikalifuta, nikachora tena. Jiko la kwetu lote liko chini: mafiga chini, mbuzi ya kukunia nazi chini, sufuria, ungo, kibao, mwanamke mwenyewe. Nikaanza kukinyanyua kitu kimoja kimoja. Meko yakapanda mpaka kiunoni, na chini yake nikaacha uwazi wa kuni. Mbuzi nikaitoa miguu, ulimi wake nikaupigilia pembeni mwa meza nene, niwe nakuna nimesimama. Mtungi nikauweka juu ya kichanja kushoto, kata ikining'inia hapo hapo. Chumvi, bizari na mwiko vikakaa ukutani kwenye ubao mmoja, mkono ufike bila mguu kusogea. Mlango nikaugeuzia nyuma ili kusi isirudishe moshi. Kutoka majini hadi motoni hatua moja. Kutoka motoni hadi mezani ni kugeuka tu. Mama Filipo ndiye aliyesema niweke dohani kama ya misheni kwao, na kamba ya kushika ukutani kwa siku mguu utakapochoka.

Usicheke ukiona mgonjwa anapanga kitu kisicho na dalili ya kuwapo. Zile zilikuwa saa pekee ambazo sikuwa hospitali.

Daktari alinipasua kabla ya vuli, akalifunga goti liwe fupa moja na paja. Ndipo nilipoambiwa kwamba halitakunjika tena. Nilipotolewa kwenye chumba cha plasta, ya tatu hiyo, nikakuta kitanda cha Mama Filipo kimetandikwa shuka jipya. Nilidhani amekufa. Kumbe gari la shamba lilikuja ghafula asubuhi, akapelekwa nyumbani. Alikuwa ameniachia machungwa matatu juu ya kabati langu. Sijamwona tena, na varanda ile nikawa naikalia peke yangu.

Jumapili iliyofuata nilimpa Athumani karatasi. Aliishika mbali na macho, kama barua ya serikali.

"Jiko la kusimama?" akasema. "Watu watacheka. Jiko la mwanamke li chini."

"Na mwanamke asiyefika chini?"

Akazungushazungusha kofia yake. "Zaina yupo."

"Najua yupo. Ndiyo maana nataka jiko. Athumani, nisikilize. Nikirudi nyumba ile kuletewa sahani chumbani, basi nimerudi mgeni. Sitaki. Ramadhani ijayo nataka watu wafuturu kwa mkono wangu. Kama si hivyo niache humu humu."

Aliikunja karatasi vizuri akaitia mfuko wa ndani. Kwa mume wangu hilo ni jibu.

Walijenga vuli, mvua ikinyesha. Wakati huo wote Zaina alipika uani chini ya bati bovu, kanga imelowa, na hakuambiwa jiko lile ni la nani. Alidhani ndugu yake anamjengea yeye. Hilo nililijua baadaye, na sijivunii.

Nilitoka hospitali kaskazi ikiwa katikati, na magongo mawili. Plasta ilipokatwa mguu uliotoka humo sikuujua. Paja lilikuwa jembamba kama mkono wa Saumu, ngozi ina magamba, na nywele ndefu kama za mwanamume. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na mafuta, taratibu, wala usimfiche mumeo. Mimi nilimficha miezi miwili, nikapata nini?

Nyumbani walinipokea kwa vigelegele, kisha nikaonyeshwa chumbani, na Zaina akaniletea sahani kwenye kiti. Mgonjwa haulizwi uji. Nilikula nikisikia sauti zao uani. Siku ya tatu nikatoka na magongo yangu, nikasimama kando ya mkeka wa wanawake. Zaina na Saumu na jirani yetu Bi Mwanahawa walikuwa wamelizunguka sinia, miguu imekunjwa vizuri. Nikautazama mguu wangu. Nani kwetu anakaa chakulani na mguu umenyooshwa, wayo umeelekea sinia na nyuso za watu? Mtoto akifanya hivyo anapigwa kofi. Nikasema sina njaa, nikarudi chumbani.

Kwa hiyo roho yangu yote nikaihamishia jikoni. Nikaenda kuliona. Lilikuwa zuri, wallahi: dohani, kichanja, ubao, vyote. Nikajongea kwenye meko, na meko yakanifika chini kidogo ya matiti.

Fundi Hemedi aliyelijenga akaitwa. Mzee wa Kidigo, mrefu kama mnazi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Jiko waonaje?"

"Naliona kwa kuinua shingo. Niliandika dhiraa mbili."

"Nami nimejenga dhiraa mbili kamili." Akalaza mkono wake kwenye matofali, kiwiko mpaka ncha ya kidole, mara mbili. Kweli zikatimia. Nami nikalaza wangu, nikapita mara mbili na shibiri nzima ikabaki juu.

Tukatazamana. "Mbona hukusema dhiraa ya nani?" akauliza.

"Jiko la nani, fundi?"

Athumani alicheka kwanza, kisha fundi, kisha mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka toka hospitali. Matofali ya juu yakaondolewa safu mbili. Kama nawe utajenga, usitume dhiraa kwa karatasi. Kata kamba kwa urefu wako mwenyewe, uifunge fundo, umpe fundi mkononi.

Kujifunza kupika wima kulinichukua muda. Niliunguza mkono mara mbili, kwa kuwa moto uliozoea kuwa mbali chini sasa uko karibu na kifua. Bi Mwanahawa alikuja na wenzake kuliona jiko, wakalizunguka wakipigana vikumbo. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akanitania. Nikamjibu, "Mimi cha mvunguni nishawaachia. Nipeni cha mezani." Walipenda jibu, wakaenda kulitangaza mtaa mzima. Lakini mchana walipoondoka niligundua kitu ambacho penseli yangu haikuonyesha.

Jikoni kwetu watu hukaa. Huyu anakuna, yule anachambua mchele, mwingine hana kazi ila amekuja na maneno yake, na wote wako chini pamoja. Jiko langu halikuwa na chini. Aliyeingia alisimama kidogo, akakosa mahali pa kukaa, akatoka. Zaina alichukua ungo wake akaenda kukaa upenuni, Saumu akamfuata, na kutoka kwenye meko yangu nikawa nasikia wanacheka bila kusikia wanachochekea. Nilikuwa nimepima kila kitu kifikiwe na mkono wangu, na nilipounyoosha haukumgusa mtu. Nikajiambia si kitu. Nimepata nilichotaka.

Siku chache kabla ya mwezi kuandama nikamwambia Zaina, kwa adabu, kwamba Mungu amlipe, sasa ninajiweza.

Alikuwa anakunja nguo. Hakuinua kichwa. "Haya wifi. Nifunge siku ya mwanzo na nyinyi, kesho yake niende zangu Pongwe."

"Huko utakaa kwa nani?"

"Kwa watu," akasema.

Siku ya kwanza ya mfungo nilipika toka alasiri. Muhogo wa nazi, kunde, tambi, na uji wa pilipili manga. Mvua ya masika ilikuwa imekatika, uani kunanuka udongo. Sikumwita mtu anisaidie, na sikuhitaji. Mguu ulichoka nikashika kamba. Adhana ilipolia nilikuwa nimekwisha pakua, sinia moja likaenda barazani kwa Athumani na wanaume wenzake, moja mkekani. Nilisikia mtu barazani akisema, "Athumani, leo kumepikwa." Nilingoja mwaka mzima kusikia neno lile. Nikalisikia, nikavuta kiti, nikakaa peke yangu mlangoni pa jiko na kibakuli changu, nikafungua kwa tende. Nilikuwa mwenye jiko, na bado nilikuwa mgeni.

Zaina alikuwa ananitazama kutoka mkekani. "Wifi, njoo ule."

"Kuleni tu. Mimi hapa hapa."

"Nasema njoo."

"Mguu huu nitaupeleka wapi, dada? Niuelekeze usoni mwenu?"

Akainuka, mwanamke mzito wa miaka arobaini na ushei, akaja akanishika kwapani. Nilijaribu kukataa, lakini alikuwa na nguvu. Akanishusha mkekani polepole, mgongo wangu nguzoni, na mguu ukanyooka mbele yangu kama nilivyojua utanyooka, wayo mbele ya sinia. Bi Mwanahawa akatazama pembeni kwa haya. Ndipo Zaina akakaa, akaunyanyua mguu wangu kwa mikono miwili, akaulaza mapajani mwake, juu ya kanga yake safi ya Ramadhani. Akaufunika kwa upindo.

"Dada, usifanye hivyo," nikasema. "Wewe mkubwa wangu. Watu wataniteta."

"Wakutete. Mimi nishatetwa, sikufa. Kula, futari yapoa."

Saumu akasogea akakaa pale mguu ulipoacha nafasi, akaegemea ubavu wangu, akanimegea muhogo. Nikala. Nikalia na kula, na Bi Mwanahawa akasema kunde zimekolea.

Asubuhi yake nilitoka na gongo langu nikamkuta Zaina ukumbini, mkoba umefungwa, anajitanda kanga ya safari. Nilikuwa nimejiandaa usiku mzima kwa maneno mazuri, yote yakanitoka.

"Dada, usiende."

"Kazi gani yakushinda, wifi? Jiko umelitia mkononi."

"Jiko naliweza. Sikuitii kazi."

"Sasa nikae nifanye nini?"

"Ukae tu," nikamwambia. "Sitaki kupika peke yangu."

Alisimama, mkono mmoja kwenye fundo la mkoba, akiutazama mlango wa nje. Kisha akaishusha ile kanga kichwani, akaniuliza leo tunafuturu nini.